Soksi ya Kwanza na Watoto Wadogo Nyumbani: Sindano Zipi, Uanzie Wapi, Kisigino Kipi

Nilipoanza kujifunza kufuma soksi, kifungua mimba wangu alikuwa na miaka mitatu na mdogo wake miezi tisa. Nilisoma maelekezo mengi yaliyolinganisha njia hii na ile: ipi ina kasi, ipi inaacha ufumaji laini, ipi haichoshi mikono. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililonisaidia usiku ule mtoto alipoamka akilia nami nina vitanzi 60 juu ya sindano nne. Nilinyanyuka, kazi ikaanguka, sindano moja ikachomoka. Niliporudi baada ya saa nzima sikujua nilikuwa nazunguka kuelekea upande gani.

Tangu siku hiyo nina swali ninalolitanguliza mbele ya mengine yote: kazi hii naweza kuiweka chini kabla sijahesabu hadi tano, na nikiishika tena kesho kutwa, yenyewe itanionyesha nilipoishia? Ulinganisho huu umejengwa juu ya swali hilo. Kama nyumba yako ina saa mbili mfululizo za utulivu, baadhi ya hukumu zangu zitageuka kwako, na nitasema ni zipi.

Nachukulia kwamba unajua mambo manne: kuanzisha vitanzi, kufuma mbele, kufuma nyuma, na kufuma vitanzi viwili pamoja ili kupunguza. Aliyewahi kumaliza skafu moja na kofia moja anayajua tayari. Soksi ni bomba lenye kona moja. Ugumu wake uko kwenye kona hiyo na kwenye kufunga ncha ya vidole. Sehemu nyingine zote ni kuzunguka tu.

Sindano

Bomba jembamba kiasi hiki haliwezi kuzungushwa kwa sindano mbili ndefu za kawaida, na ndiyo maana wafumaji wana njia kadhaa za kulizunguka. Nimetumia nne.

Ya zamani kuliko zote ni sindano fupi zenye ncha pande zote mbili. Huja tano kwa pamoja, kila moja urefu wa sentimita 15 au 20. Vitanzi unavigawa juu ya nne, ya tano ndiyo inayofuma. Sindano ikimaliza vitanzi vyake inakuwa huru na kushika zamu. Uzuri wake ni kwamba soksi inajieleza mbele ya macho yako. Sindano mbili zimebeba upande wa kisigino, mbili zimebeba upande wa juu wa mguu, na maelekezo mengi hadi leo yanatumia lugha hiyo hiyo ya "sindano ya kwanza" na "sindano ya pili". Tena zinakubali mzingo wowote, hata ncha ya soksi ya mtoto mchanga iliyobaki na vitanzi vinane.

Lakini sindano tano ni ncha kumi, na ukisimama ghafla, kila ncha ni mlango wa vitanzi kutorokea. Za chuma huteleza sana. Za mianzi au mbao hushika uzi, na ndizo ninazomshauri anayeanza, ingawa yenye unene wa milimita 2.5 huvunjika mtoto akiikalia. Faraja ni kwamba ikivunjika moja, au ikipotea, unagawa vitanzi juu ya tatu na kufuma kwa ya nne, na kazi inaendelea. Kasoro inayowasumbua karibu wanaoanza wote ni ufa unaopanda kama ngazi pale sindano mbili zinapokutana. Watu hukaza kitanzi cha kwanza cha kila sindano. Kaza pia cha pili, maana hicho ndicho kinachovuta ulegevu wa jirani yake.

Njia ya pili ni sindano ya mduara yenye kamba ndefu, sentimita 80 hadi 100. Vitanzi vinagawanywa nusu kwa nusu, kamba inavutwa nje katikati yao hadi ifanye pindo pembeni. Nusu moja inakaa kwenye ncha ikisubiri kufumwa, nusu ya pili inapumzika juu ya kamba kwa nyuma. Unafuma nusu, unageuza kazi, unavuta kamba, unafuma nusu iliyobaki. Ilibuniwa na Sarah Hauschka wa Marekani na kuenezwa na Bev Galeskas kwa kijitabu kilichotoka mwaka 2002, kwa hiyo ni mbinu changa, na bibi aliyekufundisha kufuma huenda hakuwahi kuiona.

Kwangu mimi njia hii ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Mtoto akiita, unavuta kamba mpaka vitanzi vyote viwe juu yake, mbali na ncha zote mbili, unakunja, unatia kazi mfukoni. Sijawahi kupoteza kitanzi kwa kuacha kazi namna hiyo. Hakuna sindano ya kutafuta chini ya kochi, kwa sababu zana nzima ni kitu kimoja. Na kazi inakumbuka kwa niaba yako: uzi ukiwa unatokea upande wenye mkia wa uzi wa mwanzo, umemaliza mzunguko, ukitokea upande wa pili, uko nusu ya safari. Nilipogundua hilo niliacha kabisa kuhangaika na swali la "nilikuwa naenda upande gani".

Gharama yake ni kule kuvuta kamba mara mbili kila mzunguko. Wiki ya kwanza mkono unaona unafanya kazi mbili kwa malipo ya moja. Kamba ngumu inayojiviringisha inaongeza taabu. Ichovye kwenye maji ya moto kwa dakika moja, inyooshe, itatulia. Pia pitisha ukucha pale kamba inapoungana na ncha. Ukucha ukikwama hapo, uzi utakwama kila mzunguko, na hiyo si sindano ya kununua.

Ya tatu ni sindano ndogo ya mduara, sentimita 23 kutoka ncha hadi ncha pamoja na kamba yake. Soksi nzima inakaa juu yake na wewe unazunguka tu, huvuti wala hugawi. Ukiweka alama mwanzoni mwa mzunguko, unaweza kuiacha popote pale. Kwa mtu anayefuma akiwa amekaa sakafuni kando ya watoto wanaocheza, hakuna kinachoishinda kwa shingo ndefu ya soksi ya mtu mzima. Ila ncha zake ni fupi mno, unazishika kwa vidole badala ya kiganja, na vidole vya mtu ambaye bado anakaza uzi kwa woga huuma haraka. Tena haikubali soksi ya mtoto mdogo, kwa sababu vitanzi 44 au 48 vya uzi mwembamba havifiki kuizunguka, na hata kwa soksi ya mtu mzima utahitaji sindano nyingine ukifika kwenye ncha ya vidole. Nunua hii baada ya jozi ya tatu.

Ya nne wengi huidharau, nami nitaitetea: sindano mbili ndefu za kawaida, soksi inafumwa bapa kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha inashonwa. Hujifunzi zana mpya hata moja. Mistari ina mwanzo na mwisho unaoonekana. Mshono ndio tatizo, kwani chini ya wayo unasumbua mtu anayevaa viatu siku nzima. Mtoto ambaye hajaanza kutembea haumkanyagi, na kwa soksi za mtoto mchanga mimi naona njia hii inatosha kabisa. Aliyechoka, mwenye mtoto wa miezi miwili, asione aibu kuanzia hapa.

Wapo pia wanaotumia sindano mbili za mduara kwa wakati mmoja, nusu ya vitanzi juu ya kila moja. Ina utulivu uleule wa kamba ndefu, ila ncha nne zinaning'inia badala ya mbili, na mtoto anayetambaa huziona kabla yako.

Hukumu yangu: ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu ndani ya nyumba, chukua kamba ndefu. Kama watoto wako hulala mapema na hawaamki, au wameshaanza shule, sindano fupi zitakufundisha soksi vizuri zaidi, na ukishazizoea zina kasi kubwa kuliko kamba. Hapa ndipo hukumu yangu inapogeuka kwa mwenye utulivu.

Kuanzia juu au kuanzia vidoleni

Baadhi ya soksi za kale zaidi tunazozijua za kufumwa kwa sindano, za pamba, zilizotoka Misri kati ya karne ya 11 na ya 13, zilianzia vidoleni. Baadaye huko Ulaya mazoea ya kuanzia juu ndiyo yaliyotawala. Njia zote mbili zina umri, na hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine.

Ukianzia juu, mwanzo ni rahisi na mwisho ni mgumu. Unaanzisha vitanzi, unafuma ukingo unaonyumbuka wa mbele viwili nyuma viwili kwa sentimita 3 hadi 5, na kabla hujakutana na jambo lolote gumu mkono umeshatulia. Mwishoni unabaki na safu mbili za vitanzi zinazotazamana, na unapaswa kuziunganisha kwa sindano ya kushonea kwa mshono unaoitwa Kitchener. Mshono huo una hatua nne zinazojirudia, na ukikatizwa kati ya hatua ya pili na ya tatu ni vigumu kujua ulipokuwa.

Ukianzia vidoleni mambo yanapinduka. Mwanzo ndio mgumu, ingawa umekuwa mwepesi tangu Judy Becker alipochapisha mwaka 2006 mbinu yake ya kuzungusha uzi juu ya ncha mbili kwa pamoja, inayokupa ncha iliyofungwa bila kushona chochote. Kutoka hapo unapanda, unaweza kumjaribisha mwenye mguu kila wakati, na unaendelea hadi uzi uishe bila hofu ya kupungukiwa. Mwishoni lazima ufunge vitanzi kwa ulegevu. Ukifunga kwa kukaza, soksi haitapita kwenye kisigino hata iwe nzuri namna gani.

Sifa ya kumjaribisha mwenye mguu husifiwa sana, na kwa mtu mzima ni kweli. Mtoto wa miaka miwili hasimami akavalishwa kazi yenye sindano, wala sitaki asimame. Nilichofanya ni kumsimamisha juu ya karatasi, nikachora wayo wake kwa penseli, nikakata. Karatasi hiyo haikimbii. Naiweka ndani ya soksi ninayofuma na kupima. Soksi iwe fupi kidogo kuliko karatasi, karibu sehemu moja ya kumi, kwa sababu inapaswa kuvutika ikivaliwa. Soksi iliyo sawasawa na mguu hujikunja ndani ya kiatu.

Kwa jozi ya kwanza nasema anzia juu. Sababu ni kwamba jambo gumu la kuanzia vidoleni linakujia ukiwa hujui bado hata namna kamba inavyovutwa, na vitanzi ni vichache na vimebanana. Kuhusu Kitchener, kuna mlango wa pembeni. Endelea kupunguza hadi vibaki vitanzi vinane, kata uzi, upitishe ndani ya vyote, vuta, funga kwa ndani, kama unavyofunga kofia. Ncha inakuwa ya mviringo badala ya bapa, na sijasikia mtoto aliyeilalamikia. Kitchener utajifunza mchana mmoja wakiwa wamelala.

Kisigino

Hapa nitakaa kidogo, maana kisigino ndicho kinachowafanya watu wasianze kabisa. Nitatumia soksi ya vitanzi 60 kwa mifano yote.

Kisigino cha ulimi ndicho kinachopatikana katika maelekezo mengi. Unaacha vitanzi 30 vya juu ya mguu vipumzike, na 30 vya nyuma unavifuma bapa, kwenda na kurudi, kwa mistari 30. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari hukifumi, unakihamisha tu. Kinatokea kipande kinachoning'inia kama ulimi, chenye matundu makubwa 15 kila ukingo. Kisha unageuza kisigino: kutoka katikati unafuma mistari mifupi inayopunguza kitanzi kimoja kila mara, mistari 12 kwa jumla, na vitanzi 30 vinakuwa 18. Ukishamaliza unaokota vitanzi 15 kila upande wa ulimi, ukijumlisha na 30 vilivyokuwa vimepumzika unapata 78. Unapunguza viwili kila mzunguko wa pili, mara tisa, mpaka urudi 60. Hapo pembeni pameota pembetatu mbili ndogo zinazoupa mguu nafasi pale unapopinda.

Nimezitaja hesabu zote makusudi, kwa sababu ukiziona zimeandikwa mahali pamoja hofu inapungua. Sasa zipime kwa swali letu. Ulimi wenyewe ni mistari ya kwenda na kurudi tu, unaweza kukatizwa mara 20 na isidhuru. Ukipotea, hesabu matundu ya ukingo, kila tundu ni mistari miwili. Kupunguza pembetatu nako kunasomeka kwenye kazi. Sehemu pekee inayotaka utulivu ni ile mistari 12 ya kugeuza, na baada yake kuokota vitanzi, jumla nusu saa kwa mtu anayeanza. Nusu saa hiyo unaweza kuipanga. Mimi nilikuwa nafuma ulimi mchana katikati ya kelele zote, na kuugeuza naahirisha mpaka wote wawili wamelala.

Kisigino cha mistari mifupi kinapendwa kwa sababu hakina kuokota vitanzi wala pembetatu. Katika vitanzi 30 unafuma mistari inayofupika kwa kitanzi kimoja kila mara hadi vibaki 10 vya katikati, halafu unairefusha tena moja moja. Kinaonekana nadhifu. Tatizo ni kwamba tangu mwanzo hadi mwisho ni kuhesabu, hakuna kipande kirefu cha kupumzikia, na kila kigeukio ni mahali pa kupotea. Kuna namna ya Kijerumani ambapo kwenye kigeuko unauvuta uzi juu hadi kitanzi kionekane kama viwili. Hiyo angalau inaacha alama unayoweza kuiona ukirudi. Hata hivyo, kisigino hiki hakina kina cha kutosha kwa mguu wenye mgongo wa juu, na mara mbili nilizojaribu watoto wakiwa macho nilifumua mara mbili. Mwenye saa mbili za utulivu akipende kwa amani.

Kisigino cha baadaye ni kile kinachofumwa soksi ikiwa imeshakwisha. Unafuma bomba moja kwa moja. Ukifika mahali pa kisigino, unafuma vitanzi 30 kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine, unavirudisha kwenye sindano, unavifuma tena kwa uzi wako, na unaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Soksi ikiisha mpaka vidoleni, unachomoa ule uzi wa rangi nyingine, vitanzi vinafunguka pande zote mbili, karibu 60, unavipandisha kwenye sindano na kuvipunguza kama ncha ya vidole.

Kwa kukatizwa, hakuna kisigino kinachokishinda hiki. Kazi karibu yote ni kuzunguka, na kisigino unakifanya siku utakayochagua. Zaidi ya hayo, kikichakaa unakifumua na kufuma kingine bila kugusa soksi. Kasoro yake ni ileile ya kutokuwa na kina, na wakati wa kuchomoa uzi mtu anayeanza moyo humwenda mbio, ingawa uzi wa sufi (manyoya ya kondoo) haukimbii ovyo. Vitanzi vinakaa vilivyo vikikusubiri.

Na kuna soksi isiyo na kisigino. Ni bomba la vitanzi 48, mbele vinne nyuma vinne, na kila baada ya mizunguko minne mpango unasogea kitanzi kimoja upande mmoja, hivyo mistari inazunguka mguu kama ngazi ya mnara. Ule mzunguko wa mistari unaifanya ijibane kwenye mguu wenyewe. Kwa mtu mzima naona inajikunja mbele ya kifundo, siipendi. Kwa mtoto anayekua ni zawadi: mguu ukirefuka, kisigino kinahamia mahali pengine pa bomba, na kwa kuwa kila siku huvaliwa tofauti kidogo, haichakai sehemu moja. Soksi za kwanza nilizomaliza zilikuwa hizi. Mwanangu alizivaa majira mawili, jambo ambalo soksi yenye kisigino isingeweza.

Kwa hiyo mpangilio ninaoushauri ni bomba lisilo na kisigino kwanza, kwa mtoto, kisha ulimi kwa jozi ya pili. Nilijaribu kuruka hatua, nikaanza na ulimi moja kwa moja juu ya sindano nilizokuwa sijazizoea, na ndiyo ile soksi iliyoanguka usiku ule. Haikuwa kosa la ulimi. Nilikuwa najifunza mambo matatu kwa wakati mmoja.

Uzi na ukubwa

Uzi mwembamba wa soksi una karibu mita 400 kwa gramu 100, unafumwa kwa sindano za milimita 2.25 hadi 2.5, na unatoa vitanzi 30 hadi 32 kwa kila sentimita 10. Soksi ya mwanamke inakuwa na vitanzi 60 au 64, na gramu 100 hutosha jozi. Uzi mnene wa mita 200 kwa gramu 100 unafumwa kwa sindano za milimita 3.5 au 4, na soksi hiyohiyo inakuwa na vitanzi 40 hadi 44. Ukijumlisha na mizunguko inayopungua, kazi nzima ni chini ya nusu. Macho hayachoki, makosa yanaonekana, na soksi moja inaisha upesi hata kwa dakika 20 za usiku. Hasara ni kwamba haingii kwenye kiatu cha kubana, na hutoboka mapema usipoifuma kwa kubana. Ya kuvaliwa ndani ya nyumba, haina mpinzani.

Wengi hufikiri ni ama uzi mnene kwa mtu mzima, au uzi mwembamba kwa mtoto, na yote mawili yanakufikisha mwisho upesi. Ukitaka kujifunza mikono, mnene. Ukitaka kumaliza kitu kitakachovaliwa nje, mtoto wa miaka mitatu hivi anahitaji vitanzi 44 hadi 48 vya uzi mwembamba na wayo mfupi wa kufuma.

Kuhusu malighafi, mchanganyiko wa kawaida wa sufi asilimia 75 na nailoni asilimia 25 una sababu: sufi inavutika na kurudi, nailoni inazuia kutoboka. Pamba haivutiki ikarudi, kwa hiyo soksi ya pamba tupu hulegea kifundoni; kama sufi inamwasha mtoto, tafuta pamba iliyochanganywa na uzi wa mpira. Chagua sufi iliyotayarishwa kwa mashine ya kufulia. Hakuna mzazi wa watoto wadogo atakayefua soksi kwa mkono kila mara, na sufi ya kawaida ikipitishwa kwenye mashine yenye maji ya moto hujifunga na kunywea mpaka imtoshe mwanasesere.

Rangi nayo ni sehemu ya ulinganisho. Uzi mweusi au wa buluu iliyokolea hausomeki usiku chini ya taa hafifu, na usiku ndio wakati wetu. Chukua rangi ya mwanga. Uzi unaojibadilisha rangi kwa mistari ni rafiki wa pekee, kwa sababu soksi ya pili unaipima kwa kuhesabu mistari ya rangi badala ya mizunguko.

Watoto wakiwa karibu

Sindano za soksi ni nyembamba na kali. Kazi isikae kochini hata kwa dakika moja. Mfuko wenye zipu, mahali pa juu. Kamba ndefu ninayoisifu ni kamba, na kamba haiachwi mahali mtoto anaweza kuivaa shingoni. Vile vialama vidogo vya plastiki vya kuonyesha mwanzo wa mzunguko vinaingia mdomoni kwa urahisi mno. Tumia kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine kilichofungwa duara, kinafanya kazi ileile. Na kabla hujamvisha mtoto mchanga soksi yoyote, igeuze ndani nje uangalie nyuzi zilizolegea. Uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu, na mtoto hawezi kukueleza zaidi ya kulia.

Vitanzi vikichomoka, na vitachomoka, usivute uzi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini vitanzi huzoleka: weka kazi bapa mezani, chukua sindano ya kuroshea, ile yenye ndoano nchani, kamata kitanzi kilichoshuka na ukipandishe ngazi kwa ngazi kupitia nyuzi zilizolala juu yake. Dakika tatu.

Kuweka hesabu, nimejaribu kaunta ya kubofya na nimejaribu kuandika. Kaunta inabofywa na watoto. Nikaacha, nikaanza kutunga uzi wa rangi kwenye kitanzi kimoja kila mzunguko wa kumi, ukae humohumo mpaka mwisho. Hesabu iko ndani ya soksi na hakuna anayeweza kuibadilisha.

Wapo wanaofuma soksi zote mbili kwa pamoja juu ya kamba moja ndefu ili ya pili isije ikabaki njiani. Madonge mawili ya uzi na mtoto mmoja anayetambaa havikai chumba kimoja, kwa hiyo usianzie huko. Nilichokiona kinafanya kazi ni kuanzisha ya pili usiku uleule unapofunga ya kwanza, vitanzi na mizunguko miwili ya ukingo tu, basi. Asubuhi mwanangu aliamka akavaa ile moja, akaiona nyingine imeanza juu ya kamba, akauliza hiyo ni ya mguu gani.